Wajibu wa urejelezaji kwa wauzaji wa mtandaoni nchini Ujerumani

Wajibu wa urejelezaji kwa wauzaji wa mtandaoni nchini Ujerumani ni jumla ya masharti ya kisheria yanayomtaka kila anayeuza bidhaa kwa njia ya intaneti ajisajili, atoe taarifa za uzito wa bidhaa na vifungashio vyake, na agharamie kukusanywa na kurejelezwa kwa vitu hivyo vinapogeuka taka. Urejelezaji maana yake ni kuzifanya taka ziwe malighafi tena.

Masharti hayo yamo hasa katika sheria mbili: Sheria ya Vifungashio, inayojulikana kwa kifupi cha Kijerumani VerpackG, na Sheria ya Vifaa vya Umeme na Elektroniki, yaani ElektroG. Yanamhusu muuzaji aliyeko Berlin na vilevile yule aliyeko Shenzhen, Istanbul au Nairobi, mradi mtumiaji wa mwisho wa bidhaa yuko Ujerumani. Tangu miaka ya 2022 na 2023 masoko ya mtandaoni yenyewe, kama vile Amazon na eBay, yanalazimika kuwazuia wauzaji wasiotimiza masharti hayo.

Asili ya wazo

Zamani gharama ya taka ilibebwa na manispaa, na manispaa iliwatoza wakazi. Kiwanda kilichotengeneza chupa au redio kilimaliza kazi yake pale bidhaa ilipouzwa. Mwaka 1990 mtaalamu wa Uswidi, Thomas Lindhqvist, alitoa kwa serikali ya nchi yake wazo la wajibu uliopanuliwa wa mzalishaji: anayeingiza bidhaa sokoni aendelee kuwajibika kwayo hadi mwisho wa maisha yake. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi zaidi kuliko ya huruma. Anayejua kwamba atalipia taka ya kesho ataitengeneza bidhaa ya leo kwa namna nyingine.

Ujerumani ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kulitekeleza kwa upana. Majalala yalikuwa yakijaa, na mwaka 1991, chini ya waziri wa mazingira Klaus Töpfer, ilitolewa Amri ya Vifungashio. Wenye viwanda na maduka walitakiwa kuvichukua tena vifungashio vyao au kujiunga na mfumo utakaovikusanya majumbani kwa niaba yao. Kampuni ya Duales System Deutschland ilikuwa tayari imeanzishwa mwaka 1990 kwa ajili hiyo, na alama yake ya duara la kijani lenye mishale miwili ilienea haraka. Jina hilo linaweza kufasiriwa "mfumo pacha", kwa kuwa ukusanyaji huu unakwenda sambamba na ule wa manispaa: pipa la taka za kawaida ni la manispaa, bali mfuko wa manjano au pipa la manjano la vifungashio vyepesi hugharamiwa na wafanyabiashara.

Msomaji asidhani kwamba duara hilo la kijani ni uthibitisho kuwa kifungashio kinaweza kurejelezwa, ingawa wengi hudhani hivyo. Lilionyesha tu kwamba ada imelipwa, na tangu mwaka 2009 si lazima tena kuliweka. Leo kuna kampuni kadhaa za mfumo pacha zinazoshindana.

Upande wa vifaa vya umeme, Umoja wa Ulaya ulitoa agizo la kwanza mwaka 2002, na Ujerumani ikatunga ElektroG mwaka 2005. Agizo jipya la mwaka 2012 lilileta ElektroG ya pili mwaka 2015, na mabadiliko ya tatu yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2022.

Kasoro iliyoletwa na intaneti

Sheria hizi zilitungwa zikimfikiria mzalishaji mwenye kiwanda, mwagizaji mwenye ghala bandarini, au duka lenye anwani barabarani. Mkaguzi aliweza kubisha hodi. Biashara ya mtandaoni iliuvunja mnyororo huo. Mteja wa Hamburg aliweza kununua taa au chaja moja kwa moja kutoka kwa mtu aliyeko upande wa pili wa dunia, na kifurushi kikafika kwa posta bila mwagizaji yeyote kati yao. Kisheria muuzaji huyo wa mbali ndiye aliyekuwa "mzalishaji" mwenye wajibu, lakini hakuna ofisa wa Ujerumani aliyeweza kumfikia.

Kijerumani kina neno kwa mtu wa namna hiyo: Trittbrettfahrer, yaani anayesafiri akiwa amesimama kwenye kidato cha mlango wa gari bila kulipa nauli. Kwa Kiswahili ni mdandiaji, na mfano unafaa kabisa. Boksi la mdandiaji huishia katika pipa lilelile la karatasi, na redio yake huishia katika kontena lilelile la manispaa. Gari halipunguzi mzigo kwa sababu yake; nauli yake hulipwa na waliokata tiketi. Kadiri wadandiaji wanavyoongezeka ndivyo ada ya waaminifu inavyopanda, na ndivyo bei ya mdandiaji inavyozidi kuwa rahisi kuliko yao. Mwaminifu huadhibiwa mara mbili.

Haki haitaki tuwalaumu wauzaji wa nje peke yao. Kabla ya biashara ya mtandaoni kukua hivi, kampuni za Ujerumani kwenyewe zilikwisha kutumia mianya ya Amri ya Vifungashio, hasa kifungu kilichowaruhusu wenye maduka kudai kwamba vifungashio vimerudishwa dukani. Kufikia mwaka 2014 uzito uliolipiwa ulikuwa pungufu mno kuliko ule uliokuwa ukikusanywa, hata mfumo wote ukatikisika, na kifungu hicho kikafutwa mwaka huohuo. Hapo ndipo lilipokomaa wazo la kuwa na sajili moja ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua.

Sheria ya Vifungashio

VerpackG ilichukua nafasi ya ile amri tarehe 1 Januari 2019. Iliunda taasisi iitwayo Zentrale Stelle Verpackungsregister, yenye makao katika mji wa Osnabrück, inayosimamia sajili ya LUCID. Sajili hii iko wazi kwenye intaneti: mteja, mshindani au mwanafunzi anaweza kuandika jina la kampuni na kuona kama imo.

Kwa muuzaji wa mtandaoni kazi ina hatua tatu. Kwanza hujisajili mwenyewe katika LUCID, bila malipo, akitaja jina la biashara na chapa zake. Pili hufunga mkataba na kampuni mojawapo ya mfumo pacha na kulipa ada kulingana na aina ya malighafi na uzito unaotarajiwa kwa mwaka. Tatu huripoti uzito huohuo kwa kampuni hiyo na kwa LUCID pia, na taarifa hizo mbili lazima zifanane. Kufanana huko ndiko moyo wa udhibiti wenyewe, kwa sababu kompyuta ya sajili hulinganisha namba na kuonyesha pengo.

Kinachohesabiwa si boksi peke yake. Humo mna utepe wa gundi, karatasi au plastiki ya kujazia nafasi, lebo ya anwani, na bahasha. Tuchukue mfano wa kubuni: mfumaji wa vyondo nchini Kenya anauza vifurushi 400 kwa mwaka kwa wateja wa Ujerumani. Kila boksi lina gramu 250 za kadibodi na gramu 15 za plastiki. Atatakiwa kuripoti kilo 100 za karatasi na kadibodi, na kilo 6 za plastiki. Ada ya uzito mdogo kama huo si kubwa. Mzigo wake halisi ni kuelewa fomu na kukumbuka tarehe.

Sheria haina kiwango cha chini cha msamaha. Kifurushi kimoja kwa mwaka kinatosha kumwingiza mtu katika wajibu, ikiwa anauza kibiashara. Boksi lililotumika mara ya pili nalo huhesabiwa, isipokuwa muuzaji aweze kuthibitisha kwamba limekwisha kulipiwa. Wafanyabiashara wakubwa wana sharti la ziada: anayevuka kilo 80,000 za kioo, au kilo 50,000 za karatasi na kadibodi, au kilo 30,000 za malighafi nyingine kwa jumla, hupaswa kutoa kila mwaka, kabla ya tarehe 15 Mei ya mwaka unaofuata, tamko kamili lililokaguliwa na mtaalamu wa nje.

Faini ni kubwa. Asiyejiunga na mfumo pacha anaweza kutozwa hadi euro 200,000, na asiyejisajili hadi euro 100,000. Bidhaa yenye kifungashio kisichosajiliwa hairuhusiwi kuuzwa kabisa, na mara nyingi ni marufuku hiyo inayouma kuliko faini.

Fedha zinazokusanywa zinapaswa kuleta matokeo yanayopimika. Tangu mwaka 2022 mfumo unatakiwa kupeleka kwenye urejelezaji asilimia 90 ya kioo, karatasi, chuma na alumini. Kwa plastiki, asilimia 90 lazima itumike tena kwa njia fulani, ikiwemo kuchomwa ili kupata nishati, lakini asilimia 63 lazima irejelezwe kuwa plastiki kweli. Chupa na makopo ya vinywaji yako nje ya hesabu hii kwa sehemu kubwa, kwani tangu mwaka 2003 yana amana ya euro 0.25 ambayo mnywaji hurudishiwa akirudisha chombo dukani.

Sheria ya Vifaa vya Umeme na Elektroniki

Masharti ya ElektroG ni mazito zaidi, na wauzaji wengi wadogo hujikwaa hapa. Msajili ni taasisi ya stiftung ear iliyoko Nürnberg, ambayo imekabidhiwa mamlaka ya dola na Shirika la Mazingira la Ujerumani. Usajili hufanywa kwa kila chapa na kila aina ya kifaa, na aliyekubaliwa hupewa namba inayoanza na herufi DE ikifuatiwa na tarakimu 8. Bila namba hiyo kifaa hakiruhusiwi hata kutangazwa kwa ajili ya kuuzwa.

Muuzaji asiye na makao Ujerumani hawezi kujisajili moja kwa moja. Lazima ateue mwakilishi aliyeidhinishwa aliyeko nchini humo, atakayebeba wajibu wote kwa niaba yake. Vifaa vya matumizi ya nyumbani huhitaji pia dhamana ya fedha ambayo itabaki salama hata kampuni ikifilisika, kwa sababu friji huishi miaka mingi na huenda ikadumu kuliko kampuni iliyoiuza. Muuzaji wa kawaida anayenunua bidhaa kwa mwingine hahitaji kujisajili, mradi mtengenezaji au mwagizaji amesajiliwa. Asipohakikisha hilo, sheria humhesabu yeye mwenyewe kuwa ndiye mzalishaji. Ni mtego ambao umewanasa wengi walioagiza katoni chache za vifaa vya rahisi na kuviweka mtandaoni.

Je, kifaa cha umeme ni kipi? Hadi Agosti 2018 sheria ilitaja aina za vifaa vinavyohusika. Tangu tarehe 15 Agosti 2018 mlango uko wazi: kila kinachohitaji umeme kufanya kazi yake kimo, isipokuwa kilichotajwa kuwa nje. Viatu vya watoto vinavyowaka taa kwenye soli, kabati lenye taa isiyoondoleka, na fulana yenye waya wa kupasha joto vyote vikawa vifaa vya umeme. Mwuza viatu alijikuta siku moja ni mzalishaji wa elektroniki.

Vifaa vimepangwa katika makundi 6: vya kubadilishana joto kama friji, vyenye skrini ya zaidi ya sentimeta 100 za mraba, taa, vikubwa vyenye upande unaozidi sentimeta 50, vidogo, na vidogo vya mawasiliano na kompyuta. Kila kimoja hubeba alama ya pipa lenye magurudumu lililopigwa mistari miwili ya kukatiza, kumkumbusha mnunuzi asikitupe pamoja na taka za kawaida.

Utaratibu wa kuzoa taka zenyewe unastahili kuelezwa, maana ndipo hesabu inapogeuka kuwa mzigo wa lori. Wakazi hupeleka vifaa vibovu kwenye vituo vya manispaa bila malipo. Kontena likijaa, manispaa huiarifu stiftung ear. Kompyuta ya taasisi hiyo inajua kila mzalishaji ameingiza sokoni uzito gani, na kwa kufuata mafungu hayo huamua zamu ni ya nani. Mzalishaji huyo hupokea amri ya kulichukua kontena hilo na kupeleka lingine tupu, hata kama liko mkoa wa mbali na vilivyomo si vya chapa yake. Mwuzaji mdogo huitwa mara chache sana, lakini siku akiitwa, kontena ni zima. Ndiyo sababu wengi hulipa kampuni maalumu ziwashughulikie.

Maduka nayo yana zamu yake. Duka lenye eneo la kuuzia vifaa vya umeme la angalau mita za mraba 400 hupaswa kupokea vifaa vibovu. Tangu Julai 2022 sharti hili limewafikia wauzaji wa vyakula wenye eneo la mita za mraba 800 ambao huuza vifaa hivyo mara kadhaa kwa mwaka. Kifaa kisichozidi sentimeta 25 hupokelewa bila mteja kununua chochote. Kikubwa hupokelewa anaponunua kingine cha aina hiyo. Kwa muuzaji wa mtandaoni eneo la ghala na la kutuma mizigo huhesabiwa kama eneo la duka, naye hulazimika kutoa njia za kurudishia zilizo karibu na mteja.

Pamoja na yote haya, lengo halijafikiwa. Umoja wa Ulaya unataka tangu mwaka 2019 zikusanywe kwa mwaka taka zenye uzito wa asilimia 65 ya wastani wa vifaa vilivyouzwa miaka 3 iliyotangulia, na Ujerumani imekuwa ikibaki nyuma sana. Simu nyingi zimelala kwenye droo, na vifaa vingine husafirishwa nje au huzolewa na wafanyabiashara wa vyuma chakavu bila kuingia kwenye hesabu.

Masoko ya mtandaoni kama walinzi wa mlango

Badiliko kubwa lilikuwa kulihamisha jukumu la ukaguzi. Kwa kuwa wauzaji ni wengi na wametawanyika, wakati masoko makubwa ya mtandaoni ni machache na yana ofisi Ulaya, sheria iliwaendea wenye masoko. Tangu tarehe 1 Julai 2022 soko la mtandaoni haliruhusiwi kumpa nafasi muuzaji asiye na namba ya LUCID na asiyejiunga na mfumo pacha. Sharti hilo liliyafunga pia makampuni ya maghala yanayohifadhi, kupakia na kutuma bidhaa za wengine. Mwaka 2023 ukaguzi kama huo ulianza kwa namba za vifaa vya umeme.

Matokeo yalionekana upesi. Wauzaji wa nje, wengi wao wa China, walijisajili kwa wingi, na orodha ya LUCID ikafikia mamia ya maelfu ya majina. Wale waliopuuza barua za mamlaka kwa miaka waliitikia ndani ya siku chache walipoona bidhaa zao zimefungiwa. Ufaransa ilitangulia kidogo kwa njia tofauti: kwa sheria yake ya mwaka 2020, inayopinga ufujaji, tangu Januari 2022 soko la mtandaoni lenyewe hulipa ada ikiwa muuzaji wake hawezi kuonyesha namba ya usajili.

Namba iliyosajiliwa si ushahidi wa uzito wa kweli. Muuzaji anaweza kujisajili, akaripoti kilo 10 na kutuma kilo 1,000, na soko likaridhika kwa sababu namba ipo. Anayeuza kupitia tovuti yake mwenyewe hana mlinzi wa mlango kabisa. Hapo Ujerumani hutegemea silaha nyingine, yaani washindani: mfanyabiashara anaweza kupitia kwa wakili kumtumia mwenzake onyo la ushindani usio wa haki na kumdai gharama. Utaratibu huo umewatisha wengi kuliko faini za serikali, ingawa wapo waliougeuza kuwa biashara.

Kanuni za Umoja wa Ulaya zinaelekea kuufanya utaratibu huu kuwa wa bara zima. Kanuni ya betri ya mwaka 2023 inayataka masoko kukagua usajili wa wauzaji wa betri tangu Agosti 2025. Kanuni ya vifungashio namba 2025/40 ilianza kuwa na nguvu Februari 2025, na matumizi yake ya jumla yamepangwa kuanzia tarehe 12 Agosti 2026. Humo mna sharti ambalo kila aliyewahi kupokea kalamu ndani ya boksi la viatu atalifurahia: kuanzia mwaka 2030 nafasi tupu katika vifurushi vya biashara ya mtandaoni haipaswi kuzidi asilimia 50.

Uhusiano na Afrika ya Mashariki

Sheria hizi zinaigusa Afrika ya Mashariki kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wauzaji wa vikapu, kahawa, vitambaa na kazi za mikono wanaotuma bidhaa moja kwa moja kwa wateja wa Ujerumani, ambao wamo katika wajibu kama ilivyoelezwa.

Ya pili ni ya vifaa vilivyotumika. Runinga iliyolipiwa ada Ujerumani ikiuzwa mtumba na kufika Mombasa au Dar es Salaam, ada haiifuati. Itakapokufa, gharama itaangukia jalala la huku na mikono ya vijana wanaochoma nyaya wapate shaba. ElektroG hudai kifaa kilichotumika kipimwe na kufungwa vizuri kabla ya kusafirishwa, ili taka zisipitishwe kwa jina la mtumba. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 nao, kwa marekebisho yaliyopendekezwa na Ghana na Uswisi, unataka tangu tarehe 1 Januari 2025 kila shehena ya taka za elektroniki, ya hatari na isiyo ya hatari, ipate kwanza idhini ya nchi inayopokea. Kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Wazo la Lindhqvist limeingia pia katika sheria za huku. Kenya ililiweka katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na Rwanda ina kiwanda cha kuvunjavunja na kurejeleza vifaa vya elektroniki huko Bugesera. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, ni hatua ya aina nyingine: huondoa bidhaa sokoni badala ya kumtoza aliyeileta.